Bibi Harusi Anauzwa

Jumapili, 3 Agosti 2025

Mgongo. Leo nimemgeuza Baba mara sita, na bado kumuogesha. Tangu ateleze bafuni mwezi wa sita na nyonga ikavunjika, mimi ndiye miguu yake. Ana miaka themanini na mbili, amekonda, lakini mzito vilevile – sijui huo uzito unajificha wapi. Mara hataki mto. Mara anautaka. Mara ananiambia namshika kama gunia la mihogo. Nikamjibu gunia la mihogo halisemi. Akacheka, kisha akalia kwa maumivu ya kucheka.

Daktari alisema apelekwe Dar, wafungue, waweke chuma. Hapa Gitega tumepewa vidonge na magongo mawili. Magongo yamesimama kwenye kona tangu siku ile, buibui ameshajenga.

Alasiri amekuja Bagalwa. Mtu wa Bukavu, anauza vipuri karibu na soko. Hakuna gari inayouzwa Gitega bila yeye kuonja mchuzi. Mwezi uliopita alipiga picha za Bibi Harusi, gari ya Baba, akaziweka kwenye intaneti, mimi nikacheka. Leo kaja na simu mkononi, jasho usoni: kuna Mzungu wa Liège, jina lake Didier, ananunua magari ya zamani ya kifahari na anaitaka. Bei aliyotaja Bagalwa inampeleka Baba Dar, inamrudisha, na inabaki.

Nimezoea watu wa kusema watanunua. Mercedes ya viti viwili, ya mwaka 65, paa la kitambaa! Mgiriki wa kahawa alimwachia Baba, dereva wake, alipofunga virago mwaka 74. Ilikuwa nyeupe, sasa imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Miaka arobaini imebeba maharusi wa mtaa wetu wa Waswahili, ndiyo maana ya jina. Hata mimi ilinibeba. Ilinipeleka kwa mume. Kurudi nilirudi kwa miguu.

Baba alisikia yote, maana chumba chake na sebule vinatenganishwa na pazia tu. Bagalwa alipoondoka akaniita. Nilidhani atakataa. Aliuliza tu kama Mzungu anajua kwamba breki zinavuta kushoto.


Jumatatu, 4 Agosti

Niliamka saa kumi na moja kumuosha Bibi Harusi. Ndoo nne, sabuni ya unga, mswaki kwenye vikombe vya magurudumu. Saa tatu Bagalwa akafika, akapiga simu ya video, Didier akatokea – mzee mwenye miwani kichwani na miwani nyingine machoni. Akaona gari inang'aa. Akashika kichwa. Kumbe haitakiwi kuoshwa! Kumbe vumbi la miaka lina thamani yake. Bagalwa ananiangalia kama vile mimi ndiye niliyesoma chuo cha vumbi.

Kisha viti. Nilivishona mimi mwenyewe, mwaka 2011, skai nyekundu, ile ngozi ya plastiki, mshono wa mara mbili, hakuna uzi hata mmoja uliotoka mpaka leo. Ndiyo kazi yangu: nashona viti vya magari, Gitega nzima inanijua. Didier akauliza ngozi ya mwanzo iko wapi. Nikasema ililiwa na panya. Akasema *dommage*. Neno hilo la kusikitika nalielewa bila Bagalwa.

Basi nilisimama pale na kitambaa cha kufutia mkononi. Miaka ishirini na tisa ya sindano, na mtu anakuambia angependa zaidi ngozi iliyoliwa na panya. Sikukasirika hasa. Nilichoka tu kidogo zaidi ya nilivyokuwa nimechoka.

Hata hivyo anaitaka. Anakuja Burundi wiki ijayo.


Jumatano, 6 Agosti

Sasa ni injini. Nilijua itafika huko.

Didier anataka kuona namba ya injini, kama inafanana na iliyoandikwa kwenye karatasi ya Mgiriki. Bagalwa akafungua boneti, akatoa kichwa taratibu. Akaniuliza hii injini ni ya nini. Nikamwambia ya Corolla. Akakaa chini, palepale kwenye kokoto, na suruali yake ya sherehe.

"Dada Pili," akasema, "ile namba njo gari yenyewe. Bila ile namba, hii iko chuma na viti tu."

Na viti! Asante.

Ni hadithi ya mwaka 96, wakati wa vikwazo vya nchi jirani. Petroli ilikuwa inauzwa kwa chupa ya Fanta, na injini ya Mjerumani inakunywa kuliko mlevi wa urwarwa. Baba akaitoa, akaweka ya Corolla ili maharusi wasilale njiani. Ile ya asili haikutupwa. Ilyasi, mkubwa wa vijana waliojifunza ufundi kwenye garaji ya Baba, alikuwa anahama kwenda kufungua garaji yake Muyinga. Baba akampa ile injini, afundishie vijana wake. Iko huko mpaka leo.

Bagalwa alifufuka. Kama injini ipo na namba ipo, bei ni ileile. Kama hakuna, Didier atachukua gari kwa theluthi moja. Theluthi haifiki Dar. Nimepiga hesabu mara tatu, haivuki hata mpaka wa Kobero vizuri.

Nani anakwenda Muyinga kuiona? Bagalwa ana duka. Baba ana nyonga. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema. Na huu ni wangu, kwa hiyo si usufi.


Alhamisi, 7 Agosti

Nimelala vibaya. Nimekula ugali wa jana.

Nataka Baba atembee. Naandika kwanza hilo kwa sababu ni kweli. Nataka afike msikitini Ijumaa kwa miguu yake, agombane na wenzake kwenye baraza, arudi amechelewa. Nataka pia – hakuna anayesoma daftari hili – nataka siku moja mtu yeyote asiniite. Siku moja tu. Nimetimiza miaka hamsini na sijui mara ya mwisho nilikaa lini bila sikio moja kuwa upande wa pazia.

Ananiita sasa hivi.


Jumamosi, 9 Agosti. Muyinga

Nimefika. Mafuta hakuna, kwa hiyo nauli mara mbili; dereva alisimama Gasorwe saa nzima kusubiri mtu mwenye dumu. Mtu wa dumu alipokuja, alikuja kwa mguu na bila haraka.

Baba nimemwacha na Espérance, jirani yetu, Mkongo anayeuza vitenge. Ana mikono yenye nguvu na hasikilizi malalamiko. Nilimwonyesha jinsi ya kumgeuza. Akanitazama akasema alimuuguza mama mkwe wake miaka minne kambini, niende tu. Nikaenda. Njia yote nilikuwa najiona mwepesi, halafu naona aibu kuwa mwepesi.

Ilyasi amezeeka! Ndevu zote nyeupe. Kanipokea kwa heshima mpaka nikaona haya: "Binti ya Mzee ameingia, leteni kiti." Mke wake kapika maharage na ndizi. Nimekula nikiwa nimekaa, sahani yangu mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Injini nitaiona kesho, sasa giza kwenye garaji na umeme umekatika.


Jumapili, 10 Agosti

Nianzie wapi.

Injini iko kwenye fremu ya chuma, katikati ya garaji, imepakwa rangi ya kijani, safi kuliko vyombo vyangu vya jikoni. Ilyasi anaitunza hivyo. Nilikuwa nimesahau desturi ya Baba, au nilijilazimisha kuisahau. Ni hivi: kijana akimaliza miaka yake ya kujifunza, anafungua ile injini yote mpaka bolti ya mwisho, anaifunga upya peke yake. Ikiwaka, anapewa nyundo na vile vyuma vya herufi, anapiga herufi zake mbili ubavuni mwa injini. Hiyo ndiyo diploma. Hakuna karatasi. Ilyasi aliendelea nayo Muyinga, na injini sasa ina herufi za watu arobaini na kitu, kama ukuta wa shule.

Nami nilifanya. Hilo sijaliandika popote. Miaka minne garajini pamoja na wavulana, na mwaka 95, nina miaka ishirini, niliifungua na kuifunga. Iliwaka mara ya kwanza – ya Ilyasi iliwaka mara ya tatu! Nikaosha mikono, nikasimama kungoja nyundo. Baba akasikiliza injini, akazima. Akasema vizuri. Akasema viti vya gari ya katekista vinachanika, nikavishone. Ndivyo nilivyoanza kushona. Mwaka mmoja nilikuwa nangoja tu aseme neno. Kisha nikaacha kungoja, nikashika sindano moja kwa moja. Sikumuuliza, naye hakusema.

Leo nikachukua tochi kutafuta namba. Niliipata upande wa kushoto, mahali palipo laini kuliko pote. Tarakimu za kwanza zinasomeka. Za mwisho tatu hazisomeki. Zimepigwa herufi juu yake, kubwa, za kina, zilizonyooka sana. P na S.

Nilidhani ni kijana wa hapa. Paskali fulani, Pierre fulani. Nikamuuliza Ilyasi ni nani huyu mjinga aliyepiga juu ya namba. Ilyasi akafuta mikono muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Ikabidi nimuulize tena.

Akasema ni Mzee mwenyewe. Siku ya kuipakia injini kwenye lori, mwaka 96, kila kitu kimefungwa kwa kamba, Mzee akasema ngojeni. Akapanda kwenye lori na nyundo. Akasema kwa sauti ya chini: huyu alifunga injini kuliko nyinyi wote, lakini nikimpa nyundo mtaa utanicheka, na nani atamuoa. Akapiga. Akamwambia Ilyasi akisema kokote atamnyang'anya injini.

Miaka ishirini na tisa! Ilyasi alishika neno lake, mimi nikashika sindano.

Nimekaa pale kwenye tairi mpaka mke wa Ilyasi akaja kuuliza kama naumwa. Nikasema mgongo.


Jumatatu, 11 Agosti

Nilimtumia Bagalwa picha asubuhi. Akapiga kabla sijaweka simu chini. Hakuuliza P.S. ni nani, namshukuru kwa hilo. Ana dawa: zile herufi zipigwe tupa ziondoke, kisha tarakimu tatu zipigwe upya kama zilivyo kwenye karatasi. Namba ni yake ya ukweli, anasema, haikuibwa kwa mtu, ni kumrudishia mwenyewe kilicho chake. Didier anafika Bujumbura kesho, Jumatano saa tano atakuwa Muyinga. Nikamwambia chuma kilichopigwa tupa kinang'aa, fundi yeyote atajua, na akijua ataona sisi wezi na hatanunua hata kwa theluthi. Akasema kuna udongo na oili chafu, kipakwe.

Ninachokijua ni hiki. Baba aliwahi kumfukuza mtu tajiri na Carina yake kwa sababu namba ilikuwa imepigwa mara ya pili. Alimfukuza na spana mkononi, mtaa mzima ukiangalia. Namba ikipigwa mara ya pili ni ya mwizi, alisema, na tulilazimishwa kulikariri kama Alhamdu.

Kwa hiyo nikampigia. Naandika ukweli: nilimpigia ili akatae. Nilitaka anifokee. Akikataa, basi ni yeye aliyekataa, mimi nitarudi nimgeuze kama kawaida na nitakuwa na kitu cha kukumbuka nikimgeuza.

Espérance akamshikia simu sikioni. Nikamwambia Baba, nimeziona.

Nikasikia kuku wa Espérance.

"Mahali ingine hapakuwa," akasema mwishowe. "Vijana walikuwa wamejaza pote palipo laini. Pale ndio palikuwa pazuri."

"Na namba je?"

"Namba ya Mgiriki mi ningefanyia nini? Wakati ule nani alikuwa anauliza namba ya injini?"

Nikamweleza mpango wa Bagalwa. Tupa. Tarakimu upya. Nikangoja.

"Futa, mama," akasema. "Futa tu. Mi nataka kutembea."

Nikamkumbusha ya Carina. Nikamkumbusha ni yeye aliyesema ya mwizi.

"Nilisema vile nikiwa na miguu," akasema.

Halafu akaanza kumlalamikia Espérance kuhusu mto, simu ikakatika. Kwa hiyo ndivyo. Kitu alichoficha miaka ishirini na tisa kakiachia kwa pumzi moja. Hakusema pole. Hakusema nilistahili. Na ni haki yake, mtu akiumwa hivyo, nani ana nguvu ya kutoa hotuba? Lakini nimekasirika. Nimekasirika mpaka meno yanauma, na siwezi hata kumkasirikia mtu asiyeweza kukaa.

Nimelia chooni kwa Ilyasi, kidogo. Mke wake kaniletea chai bila kuuliza kitu.


Jumanne, 12 Agosti

Asubuhi nilimwambia Ilyasi afute. Kazi ya dakika kumi kwa mtu kama yeye. Akasikiliza mpaka mwisho, na kofia mkononi. Akasema:

"Dada, mi ule mkono wa Mzee siwezi kuugusa. Hata yeye mwenyewe akiniamuru. Tupa iko pale."

Akaiweka mezani, na pembeni yake akapanga vyuma vya tarakimu tatu: saba, sifuri, mbili. Tayari kabisa. Kisha akawachukua vijana wake wote, wakaenda kutengeneza pikipiki ya mtu nje, kwenye jua kali, ilhali kivuli kipo ndani.

Nilizunguka injini mara nyingi. Nilisoma majina. Baadhi ya herufi nawakumbuka wenyewe: M.H., aliyekuwa anaiba sukari yetu, sasa ana malori Kigoma. A.N., aliuawa mwaka ule ule aliopiga. Kila mmoja alipewa nyundo mbele ya wenzake, akapigiwa makofi, akanunuliwa soda. Mimi nilipigiwa herufi na mtu mwingine, juu ya lori, sipo. Sijui kama hiyo ni diploma au ni kuandikwa kwenye mzigo.

Halafu nikamwona Baba akipanda kwenye lori na nyundo. Nikamwona anatafuta mahali pazuri. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, karibu umri wangu. Yeye ndiye alikuwa anatuambia tusiguse namba ya gari yoyote, na akachagua palepale.

Saa nane nikashika tupa. Nilianza na S kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Chuma cha Mjerumani hakina mchezo. Unasukuma, unasukuma, unatoka unga mwembamba tu. Nilisukuma mpaka mgongo ukawa moto, na niliona afadhali uniume, angalau uniume kwa kazi yangu mwenyewe. Kufika alasiri S haikuwepo. Pale pamebaki panang'aa, peupe, mviringo wa kama kucha mbili.

S ni Shabani. Nimefuta jina la Baba kwanza, sikupanga.

Nikaweka tupa kwenye P. Nikasukuma mara moja. Nikaangalia. Kuna mkwaruzo mmoja tu kwenye mguu wa P. Nikasema nitapumzika kidogo, ninywe maji, kisha nimalize. Nikanywa maji. Nikakaa. Adhana ya magharibi ikanikuta nimekaa hivyohivyo, tupa mapajani, vijana wanafunga milango kwa kunizunguka.

Bagalwa kapiga mara nne. Ya nne nikashika, nikasema inaendelea.

Nitamaliza kesho asubuhi. Saa tano ni mbali. Nikianza saa kumi na mbili, saa mbili nimemaliza kufuta, saa tatu Ilyasi anapiga tarakimu – au napiga mimi, mkono wangu haujasahau – saa nne udongo na oili chafu. Inawezekana. Watu wamefanya makubwa kuliko haya kwa ajili ya baba zao.


Jumatano, 13 Agosti

Wamekuja saa mbili! Bagalwa alipata dizeli kwa njia zake, wakaondoka Bujumbura usiku. Nilikuwa nimeshika tupa, nimeinama, sijasukuma hata mara moja. Nikasikia jeep getini, nikasikia "Karibuni" ya Ilyasi, ndefu kuliko inavyohitajika, ananipa nafasi. Nafasi ya nini? Nilisimama tu.

Didier ni mfupi kuliko kwenye simu. Alisalimia kila mtu kwa mkono, hata kijana mwenye grisi. Akapiga magoti mbele ya injini bila kutandika kitu. Alianza na herufi. Alizisoma moja moja, polepole, midomo inacheza, akauliza ni nini, na Ilyasi akamweleza desturi, Bagalwa akitafsiri kwa kufupisha. Didier akamrudisha aeleze yote. Akacheka kwa furaha pale aliposikia ya soda. Nikaanza kumpenda, na hilo ndilo baya.

Kisha akafika upande wa kushoto.

Akawasha tochi. Akatoa miwani moja, akavaa nyingine. Akapitisha kidole kwenye ile sehemu inayong'aa, kama mtu anayegusa kidonda cha mtoto. Akakiangalia kidole. Unga wa chuma.

Bagalwa akaanza hadithi ya kutu. Hakuna kutu Muyinga mwezi wa nane, hata mbuzi anajua. Didier hakumkatiza, alimwacha amalize, kisha akauliza nani alikuwa anapiga tupa hapa. Aliuliza kwa Kifaransa lakini alikuwa ameshaiangalia mikono yangu. Nilinyoosha kidole juu, kama mwanafunzi. Mwanamke wa miaka hamsini.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alikaa pale chini, akaangalia tarakimu zinazosomeka, akaangalia vile vyuma vitatu mezani, saba, sifuri, mbili – tulivisahau mezani! Akaviangalia muda. Alielewa yote, naona, hakuna la kueleza hapo. Kisha akageukia P. Akaweka kidole kwenye ule mkwaruzo mmoja.

"Kwa nini uliacha?" akauliza. Bagalwa akatafsiri, ingawa nilishaelewa.

Nikasema naomba kwenda uani.

Niko nyuma ya garaji, nimekaa juu ya tairi la lori. Daftari lilikuwa kwenye mkoba. Sijui kwa nini naandika badala ya kurudi, labda kwa sababu hili daftari haliniulizi kitu. Bagalwa ameshakuja mara mbili. Mara ya kwanza ananong'ona niseme ni makosa ya vijana, walikuwa wanajifunza kupiga tupa. Mara ya pili kaja kama mtu mwingine kabisa, ameshusha mabega: anasema Mzungu hajasema ndiyo, hajasema hapana, kakaa palepale chini, amekataa kiti, amekataa chai. Anasema hana haraka.

Simu inatetemeka. Ni ya Espérance, maana yake ni Baba. Atauliza: wamenunua? Sijashika. Ikikatika inaanza tena.

Nasikia Ilyasi ndani anajaribu Kifaransa chake. Kimeisha.

Nikirudi ndani itabidi niseme P ni nani.